Weusi wa Kigoda cha Mzee Gichuru

Jumatatu, 7 Julai

Nimepoteza weusi wa kigoda cha Mzee Gichuru leo, kati ya saa tatu na saa tano na nusu asubuhi. Naandika wazi ili baadaye mtu asiniongezee maneno. Sikukivunja. Sikukiuza. Nilikisafisha.

Kililetwa juzi ndani ya gunia la viazi. Miguu mitatu, kipande kimoja cha mti, hakuna msumari. Cheusi tii. Kinanata kidogo, kinanuka moshi na ugoro. Mzee alisema kitengenezwe kiwe safi, maana Jumamosi hii ni ruracio ya bintiye Debra. Wakwe wanatoka Kitui kuja kwake Kinoo kuzungumza mahari. Basi nikakisafisha. Kibao changu hapa Dagoretti Corner kinasema DAKTARI WA MBAO. Hakisemi Mtazamaji wa Mbao. Magadi vijiko vinne, maji moto lita tatu, waya wa kusugulia sufuria, kisha msasa. Karatasi saba za msasa. Chini ya uchafu nikafikia mti mweupe kama muhogo uliomenywa. Nikarudi nyuma hatua mbili nikajipongeza.

Saa tano na dakika arobaini, simu. Mzee Gichuru. Alitaka kunikumbusha tu kwamba ni kutoa vumbi la miguuni, juu nisiguse. Ule weusi, akasema, ni baba yake. Miaka arobaini na moja ya kukaa. Mafuta ya kondoo mikononi, ugoro, moshi wa jiko la mama. Mzee atakayesema kwa niaba ya wakwe ndiye atakayekalia hapo. "Akae kwa baba, fundi. Hiyo ndiyo heshima iko kwangu."

Nikamwambia asijali, baba anaendelea vizuri.

Sasa, si kigoda tu. Mzee ana nyumba kumi na nne za kupangisha Westlands, zote na fanicha ndani. Kila nyumba meza moja, viti vinne, vitanda viwili, kabati tatu. Vipande kumi mara kumi na nne: 140. Vyote kusafishwa na kutunzwa, kila miezi mitatu, na mtu mmoja. Aliniambia kigoda ndio mtihani. Nikifaulu, Jumatatu ijayo tunaandikiana mkataba. Mimi nilianza na kitambaa kimoja na nusu chupa ya spiriti. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Siwezi kuziachilia nyumba kumi na nne kwa sababu ya ugoro wa marehemu.

Kavata wa kibanda cha pili, mama yake Ndanu, amepita mara tatu bila sababu. Anauza vigoda na vinyago, baba yake alikuwa mchongaji kule Wamunyu, na kwa hivyo anadhani mti wote duniani ni wa kwao. Akaniuliza, "Daktari, mgonjwa amelala?" Nikamwambia, Mama Ndanu, kila mtu na kibanda chake.

Siku tano.

Jumanne, 8 Julai

Hesabu haijawahi kunitupa. Marehemu alikalia kigoda miaka 41. Tuseme saa nne kwa siku. 41 mara 365 mara 4, ni saa 59,860 za makalio. Kutoka leo hadi Ijumaa jioni nina siku nne za kazi, saa kumi kila siku. Saa 40. Gawanya. Nahitaji watu 1,496 na nusu, wakae kwa pamoja. Kigoda kinachukua mmoja.

Lakini watu hawalingani. Marehemu, nimeona picha, alikuwa mwembamba, kilo 56 hivi. Odhiambo anayechomelea mageti hapa kushoto kwangu ni kilo 112. Mara mbili. Tena anakaa mbele ya moto, kwa hivyo jasho weka mara tatu. Jumla mara sita. Sasa nahitaji Odhiambo 249 na kidogo. Ninaye mmoja.

Alikubali kwa chai na mandazi mawili. Akakaa saa tatu asubuhi, akawa anachomelea geti akiwa hapo hapo juu. Kavata akapita. Akauliza huyo Odhiambo anaatamia nini. Odhiambo, badala ya kunilindia siri, akajibu kwamba ameambiwa kufikia Ijumaa vifaranga watakuwa wametoka. Wakacheka hao wawili mpaka wateja wa ng'ambo ya barabara wakageuka.

Saa tano akainuka. Akasema baba ya watu alikuwa na subira. Nikakagua. Weusi: hakuna. Kutu: ipo, alama mbili, kama masikio. Nikazitoa kwa msasa. Karatasi ya nane. Kigoda sasa ni cheupe kuliko jana.

Mzee alipiga simu saa kumi. Sikushika. Akapiga tena. Nikashika, nikasema niko ndani ya kazi. Akasema anafurahi kusikia mtu wa kazi.

Jumatano, 9 Julai

Rangi ya viatu. Nyeusi, mikebe miwili, brashi, kitambaa, na mate kidogo, kama tulivyofanya bwenini. Kufikia saa tatu kigoda kilikuwa cheusi kila mahali. Nikapumua kwa mara ya kwanza tangu juzi.

Dakika hiyo hiyo, Mzee. Simu ya video safari hii. Nikakielekeza kigoda nikiwa mbali, kivulini. Akauliza mbona baba anang'aa kama kiatu cha polisi. Nikasema ni mwangaza wa simu. Akasema nisogeze karibu. Nikazima data.

Nikakijaribu kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikatoka cheusi. Cha pili, cheusi. Cha tano, cheusi. Rangi ya viatu inataka kiatu. Mti hauishiki. Nikaiondoa yote kwa tapentaini. Sasa ni cheupe na kinanuka kama Kidato cha Kwanza siku ya ukaguzi.

Mchana nikaenda Westlands kuziona nyumba zangu. Nasema zangu kwa maana ya moyo. Peres ndiye mtunzaji wa pale, mama mpole mwenye funguo kumi na nne kiunoni. Nikamfundisha bila kuombwa. Meza za mvule zinataka mafuta mara mbili kwa mwaka, kufuata mshipa wa mbao, si kuzunguka-zunguka. Kabati za mahogani zinataka nta, na zisikae karibu na dirisha, jua la saa nane linazifuta uso. Vitanda vya msonobari ni laini, ukucha tu unaacha alama, visioshwe kwa maji mengi. Na zile kabati za jikoni za mbao za kushindiliwa, maji yakiingia pembeni zinavimba kama mandazi, na hakuna dawa. Peres akasikiliza yote. Kisha akasema yeye hupitisha kitambaa chenye unyevu kidogo, halafu kikavu, miaka sita sasa.

Nikaangalia. Vipande 140, vyote vizima, hata pete ya kikombe hakuna.

Bahati ya mtu asiyejua. Nikipata mkataba tutaanza kwa kutoa vanishi yote.

Alhamisi, 10 Julai

Siku mbili. Nimeamka na mpango usio na tundu: kubadilisha.

Kavata ana kigoda karibu sawa. Miguu mitatu, kipenyo sentimita 28, kama cha Mzee. Cha zamani, cheusi, kimekaliwa na watu wao huko nyuma. Hakiuzi, kiko nyuma ya kibanda na yeye hukikalia akila. Nikaenda kwa heshima. Nikamwambia, Mama Ndanu, kuna mteja wa Karen anapenda vitu vya zamani. Akaniuliza mteja huyo anaitwa nani. Nikasema Stacy. Akaniuliza Stacy anataka kukikalia au kukiangalia. Nikasema vyote viwili. Akaendelea kula githeri yake. Akameza. Kisha akasema Jumatatu maji ya mtaro yalipita meusi kutoka kwangu mpaka kituo cha petroli, na kwamba kwa ukoo wao, weusi kama ule hautoki kwenye meza wala kabati. "Umemwosha mzee wa nani, daktari?"

Nilitaka kukana. Mdomo ukanisaliti. Nikamwambia yote, hata nyumba kumi na nne.

Hakucheka. Hilo liliniudhi zaidi. Akasema weusi wa kweli hauwezi kurudi, huo umekwenda na maji. Akasema ningempigia Mzee leo, nimwambie, angekuwa na siku mbili za kukasirika na Jumamosi angekuwa amepoa. Nikamwambia hilo silo swali nililouliza. Akashusha pumzi. Akanipa dawa ya kwao: mafuta ya mbarika na masizi. Upake kidogo sana, ungoje saa kumi na mbili, ufute kwa gunia kavu. Upake tena, mara tatu kwa jumla. Usifunike, mti unapumua. Gunia likitoka safi, ndipo mtu akae.

Nimeandika yote nyuma ya karatasi ya msasa. Sikumwambia asante ndefu. Mtu akikusaidia ukiwa chini, anakuwa na kitu juu yako maisha yote.

Ijumaa, 11 Julai

Asubuhi mjini, kutafuta mafuta ya mbarika. Yanauzwa duka la dawa, chupa ndogo ndogo, ya tumbo lililofunga. Nikaomba chupa kumi na mbili. Mhudumu akaniangalia. Akauliza kama ni za familia nzima. Nikasema ni za mzee mmoja. Akaniita pembeni, akaniambia kwa sauti ya chini nimpeleke hospitali.

Masizi nimeyakwangua kwenye masufuria ya mama wa chapati. Alifurahi, akaniletea na mengine mawili.

Saa kumi na dakika ishirini na tano jioni nikaanza kupaka. Kidogo mara tatu ni sawa na nyingi mara moja. Hesabu ni hesabu. Nikapaka nyingi mara moja. Rangi ikakubali. Si ya kiatu, si ya lami. Ile ile. Hata harufu ikarudi kidogo, moshi na kitu cha zamani. Nikakaa chini mbele yake.

Kisha nikangoja saa kumi na mbili, kama alivyosema Kavata. Ilifika baada ya saa moja na dakika thelathini na tano. Nilishangaa jinsi dawa za Wamunyu zinavyofanya kazi haraka, na hii baridi ya Julai. Nikafuta mara moja kwa gunia. Gunia likatoka na rangi kidogo, lakini gunia lenyewe lilikuwa la makaa, ushahidi wake haukubaliki. Nikakizungushia nailoni mara tano kwa ajili ya vumbi, nikamkabidhi mtu wa boda, nikapanda nyuma.

Kinoo saa moja jioni. Mzee akaja getini mwenyewe. Hakukifungua, alisema kitafunguliwa mbele ya wageni. Aliweka tu kiganja juu ya nailoni, pale katikati, akakiacha hapo. Nikaona macho yake. Akasema, "Karibu nyumbani." Hakuwa anasema na mimi.

Akaniambia nije kesho nile na watu. Na Jumatatu tuandikiane.

Nyumba kumi na nne. Nimekula ugali mara mbili.

Jumamosi, 12 Julai

Naandika saa kumi na moja jioni. Nitaandika kwa mpangilio.

Saa sita hema limejaa. Wakwe thelathini na wawili. Msemaji wao ni Mzee Musili, mjomba wa bwana harusi, mwalimu mkuu mstaafu. Suti ya rangi ya krimu.

Mzee Gichuru akaleta kigoda mwenyewe, akakifungua nailoni, akakiweka katikati. Akaeleza ni cha nani. Akamwambia Mzee Musili akae kwa baba. Mzee Musili akavua kofia, akakaa.

Akakaa saa moja na dakika arobaini.

Nilikuwa nyuma, karibu na sufuria za pilau. Nilikuwa nahesabu. Mzee Gichuru kupitia msemaji wake akaomba mbuzi themanini. Wakwe wakasema arobaini, wakakataliwa vizuri, kwa mzaha. Kisha Mzee Musili akainuka ajibu kwa kusimama, kama mwalimu. Akageuka kidogo kuangalia watu wake.

Duara. Kamili. Sentimita 28, jeusi, kwenye krimu.

Mzee Musili akahisi ubaridi, akajishika nyuma, akaangalia kiganja. Akakifuta kwa kitambaa, kitambaa kikashindwa. Na kwa kuwa ni mtu wa adabu, akaendelea na hotuba na mwisho wake akampa Mzee Gichuru mkono. Mzee Gichuru akawapa mkono wazee watatu. Mmoja akajipangusa jasho usoni. Shangazi Mwihaki akashikwa mkono naye akamkumbatia Debra, na Debra amevaa nyeupe. Vidole vitano mgongoni. Nilihesabu watu kumi na saba kabla sijaacha kuhesabu.

Ndipo Mzee Musili akaomba kusema neno moja. Akasema anawashukuru wakwe. Akasema kwao Kitui ni mbuzi ndio hupigwa chapa, na hajui kama hapa Kinoo wanaopigwa chapa ni wageni. Upande mmoja wa hema ukacheka. Upande wetu ukaangalia chini. Akaomba faini kulingana na mila: kondoo mmoja, suti moja, na mbuzi wahesabiwe upya. Themanini wakashuka hadi hamsini na tisa. Mbuzi ishirini na mmoja kwa duara la sentimita ishirini na nane. Mbuzi mmoja kwa kila sentimita moja na theluthi.

Mzee Gichuru hakupaza sauti. Alichukua kigoda, akazunguka nacho ubavuni mwa nyumba. Nikamfuata, sijui kwa nini, labda kueleza. Nikamkuta amekiinamia, anakifuta kwa mkono wa koti lake zuri, polepole, mpaka mti mweupe ukatokea. Akaendelea kufuta. Kisha akaniuliza bila kuniangalia.

"Fundi. Baba yuko wapi?"

Nikahesabu vifungo vya koti lake.

Akaniambia nipite ndani, nitokee mlango wa nyuma, wageni wasinione.

Nimempigia Kavata. Akaniuliza nilipaka saa ngapi. Kumi na dakika ishirini na tano. Nikangoja mpaka lini. Nikasema mpaka saa kumi na mbili, si ndivyo ulisema. Akauliza, kwa upole kama anaongea na mtu wa homa, kama najua tofauti ya kungoja mpaka saa kumi na mbili na kungoja masaa kumi na mbili. "Kuanzia jioni mpaka alfajiri, Muema. Mara tatu. Siku moja na nusu."

Hakuniita daktari.

Jumapili, 13 Julai

Nimetulia. Nimeangalia jambo lote kwa haki.

Makosa ni matatu na hakuna langu. Moja, Kiswahili cha Kavata. Mtu akimaanisha muda aseme muda, asinipe saa ya ukutani. Mbili, Mzee Gichuru. Aliyesema "kiwe safi" ni yeye. Tatu, Mzee Musili. Mtu mwenye busara havai krimu kwenda kukalia historia ya watu.

Na kazi yenyewe, tukisahau rangi, ilikuwa nzuri. Hakuna hata mmoja pale aliyelalamikia ulaini wake.

Kwa hivyo leo saa tisa nimemwandikia Mzee Gichuru ujumbe. Naunakili hapa ili nakala iwepo:

"Shikamoo Mzee. Ni Muema, fundi. Pole kwa ya jana. Mbuzi ishirini na mmoja ni wengi, lakini ukigawa kwa nyumba kumi na nne ni mbuzi mmoja na nusu kila nyumba, si mzigo. Naandika kuhusu mkataba. Pia, jana nikipita ndani niliona fimbo ya marehemu imeangikwa kando ya mlango wa nyuma. Nyeusi sana, inanata pale pa kushikia. Nikaondoka nayo niitengeneze bila malipo, kama zawadi, ili ujue sina kinyongo. Ninayo hapa. Nimeanza leo asubuhi kutoka chini na nimefika nusu. Inatoka vizuri sana, Mzee, ni nyeupe kuliko hata kile kigoda. Kilichobaki ni pale pa kushikia tu, na magadi yako motoni. Sasa mimi ni mtu wa kazi, siwezi kukaa na 'tutaona'. Umenipigia mara tisa tangu nianze kuandika haya, lakini sitaki maneno ya simu, nataka maandishi. Nyumba kumi na nne: ni zangu au si zangu? Ndiyo ama la. Kesho Jumatatu, kabla ya saa nne asubuhi."